Mzabibu wa Uani: Vichala Vingapi Vibaki?

Ukipita siku hizi katika mitaa ya Buswelu, hapa na pale utakuta chanja la miti limesimama uani karibu na jiko, na juu yake mzabibu umetanda. Mizabibu ya namna hii mara nyingi ilifika kama vijiti tu. Mtu alisafiri kwa basi kutoka Dodoma kupitia Singida na Shinyanga, akavifunga vijiti vyake katika gazeti lililoloweshwa maji, akafika navyo Mwanza vikiwa bado hai. Kijiti kikichomekwa ardhini na kumwagiliwa kinashika, na hata kabla ya miaka 2 kutimia mama wa nyumba anaanza kuona maua.

Hapo ndipo furaha huanza, na shida pia. Mzabibu hauna kiasi. Ukiachwa wenyewe utabeba vichala vyote ulivyojaliwa kuvitoa, hata kama hauna nguvu ya kuviivisha. Sisi akina mama, tuliolelewa tukiambiwa kwamba chakula hakitupwi, tunaona vigumu mno kuchukua mkasi na kuangusha matunda mabichi chini. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kazi hiyo ngumu ya kupunguza vichala.

Tunamfahamu mama mmoja mjane wa hapa jirani ambaye mzabibu wake wa miaka 3 ulibeba vichala zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Chanja lilipinda. Kila aliyeingia uani alisifu, na mama mwenyewe alikwisha piga hesabu yake: sare za watoto wawili, madaftari, na kinachobaki kinunue bati la jiko. Agosti ikafika, zabibu hazikubadilika rangi. Septemba chache zikapata wekundu wa kubabaisha, nyingine zikabaki kijani na chungu, na ncha za vichala zikaanza kusinyaa. Waliozinunua mara ya kwanza hawakurudi. Alipokuja kupogoa, machipukizi mapya yalitoka membamba kama njiti za kiberiti, na vichala vilivyoonekana vilikuwa 6.

Maneno yakaanza. Walisema mzabibu umepigwa jicho baya, na kwamba aliyeusifu sana ndiye aliyeuharibu. Mama huyu na jirani aliyekuwa akimsifia wakaacha kusalimiana, tena ni wanawake wanaokaa benchi moja kanisani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu si la mzabibu peke yake. Pale tusipojua sababu ya hasara, twaona ni rahisi kumtafuta mtu wa kumbebesha. Na sababu hapa ilikuwa wazi kwa yeyote anayeijua mizabibu. Mti ulikuwa umelemewa.

Kazi ya jani

Hebu tuutazame mzabibu kama nyumba yenye wapishi na walaji. Wapishi ni majani. Kwa msaada wa jua na maji, jani hutengeneza sukari, na kila kiungo cha mti hula sukari hiyo: ncha za matawi, mizizi, shina, na vichala. Vichala ndivyo walaji wenye nguvu kuliko wote kwa sababu vina mbegu, na mti wowote hupendelea mbegu zake kwanza. Kwa hiyo vichala vikizidi, mizizi na shina hulala njaa. Hakuna akiba inayowekwa kwa ajili ya msimu ujao.

Wataalamu wa kilimo cha zabibu hukadiria kwamba kichala kimoja cha wastani kinahitaji majani 10 hadi 15 yaliyo mazima na yanayopata mwanga ili kiive vizuri. Tunasisitiza maneno hayo ya mwisho. Jani lililofunikwa na mengine katikati ya chanja haliisaidii nyumba, ni kama mpishi aliyelala.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza vile vichala 6. Kichala unachokiona leo hakikuanza leo. Kilianza kuumbwa ndani ya jicho la tawi katika msimu uliopita, wakati mti ulipokuwa bado umebeba mavuno mengine. Mti ukiwa na njaa wakati huo, macho mengi huumba majani matupu bila vichala. Ndiyo maana adhabu ya kuzidisha mzigo huja mara mbili: kwanza zabibu chungu, kisha msimu mtupu.

Kwetu hapa adhabu hiyo ni kali zaidi kuliko Ulaya. Huko majira ya baridi huuangusha majani mzabibu na kuulazimisha ulale miezi kadhaa. Hapa kwetu haulali. Ukipogoa unaamka, siku yoyote ya mwaka. Wakulima wa Dodoma wanaitumia tabia hiyo kupata mavuno mawili kwa mwaka, moja mwanzoni mwa mwaka na jingine karibu na Agosti na Septemba. Zabibu zilifika kwao mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, na leo hii kule Makutupora kipo kituo cha utafiti kinachozishughulikia. Lakini Dodoma ni nchi kavu. Sisi wa kando ya Ziwa tuna mvua za masika na za vuli, na mvua huleta maradhi ya ukungu. Tusiige kila kitu.

Kupogoa si kupunguza

Wengi wetu tunajua habari ya mzabibu na matawi yake katika Injili ya Yohana, sura ya 15, na tumesikia mahubiri mengi juu ya mkulima anayekata. Pengine kwa sababu hiyo tunadhani tukishapogoa tumemaliza. Mahali pale panazungumzia matawi. Vichala ni kazi ya pili, na huja wiki nyingi baadaye.

Hata hivyo huwezi kuifanya ya pili vizuri bila ya kwanza. Siku ya kupogoa, usitupe matawi uliyoyakata. Chagua yale ya msimu huo tu, yapukutishe majani yote, yafunge mzigo na uyapime kwa mizani ya jikoni au ya dukani. Uzito huo ndio ushahidi wa nguvu za mti wako. Mfaransa mmoja, Louis Ravaz, aliyefundisha kilimo cha mizabibu huko Montpellier, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 uhusiano kati ya uzito wa matawi na uzito wa matunda. Wanaofuata njia yake husema kwamba mti wenye mizani nzuri hutoa zabibu zenye uzito wa mara 5 hadi 10 ya matawi yaliyopogolewa. Ikipita hapo, umelemewa. Ikiwa chini sana, mti una nguvu zisizo na kazi na utajaza majani yanayojifunika yenyewe.

Tuchukue mfano. Matawi yakiwa kilo 1, mti unaweza kubeba kilo 5 hadi 10. Kichala cha kawaida kikiwa na gramu 250, hiyo ni vichala 20 hadi 40. Hesabu hii ilitungwa katika nchi ambazo mzabibu hupumzika wakati wa baridi, kwa hiyo sisi tungemshauri mama wa Buswelu akae upande wa chini: 20, au 25 kwa wingi. Udongo wetu mahali pengi ni ule mchanga wa luseni unaotokana na miamba, unaopitisha maji upesi na kushika chakula kidogo. Bila samadi mti hauna pa kujishikiza. Mzabibu wa yule mama mjane ulibeba vichala 100. Mama msomaji, jipigie hesabu mwenyewe.

Na mzabibu mchanga? Mwaka wa kwanza ondoa vichala vyote. Mwaka wa pili pia, ukiweza kuvumilia, au bakiza viwili vitatu watoto waonje. Mti unajenga mizizi, na mizizi hiyo ndiyo itakayokulisha miaka mingi.

Lini, na vipi vikatwe

Kwa hali ya hewa yetu tunaona ni vema kupogoa mwanzoni mwa Mei, masika yakielekea ukingoni. Tangu kupogoa hadi kuvuna huchukua kama siku 120, hivyo maua yatakuja katikati ya Juni wakati mvua zimekatika, na matunda yataiva mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, kukiwa bado kukavu. Kazi ya kupunguza itaangukia kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai.

Usiwahi sana. Ukikata vichala vikiwa bado maua, vile vinavyobaki hushika punje nyingi mno, vinabanana, na ndani yake unyevu hautoki. Ngoja maua yaishe, punje zisizoshika zianguke zenyewe, na zilizobaki zifikie ukubwa wa choroko. Kati ya choroko na dengu ndio wakati wake. Ukichelewa hadi punje zianze kulainika na kupata rangi, mti utakuwa umekwisha tumia chakula kingi kwa vichala utakavyovitupa. Hata hivyo wakati huo nao una faida yake ndogo: vichala vinavyobaki kijani wakati wenzao wamegeuka rangi hujitambulisha wenyewe, na hivyo ukiviondoa hujutii.

Kwanza tazama tawi, siyo kichala. Tawi fupi lisilofika sentimita 30 lisiachiwe kichala hata kimoja, halina majani ya kukilisha. Lenye urefu wa kati ya sentimita 30 na 60 libakiziwe kimoja. Lililopita hapo laweza kubeba viwili, lakini sharti liwe nene kama penseli na majani yake yawe mazima. Tawi likiwa na vichala viwili na unataka kimoja, kwa kawaida bakiza kile kilicho karibu zaidi na shina, maana ndicho kikubwa na kilichotangulia. Kisha ondoa vilivyokwaruzana na nguzo, vilivyonasana na vingine, na vyenye alama za ugonjwa. Ukimaliza, hesabu vilivyobaki. Kama ni zaidi ya ile idadi uliyoipata kwa mizani, rudi tena na mkasi. Mzunguko huu wa pili ndio unaouma.

Akina mama wa Usukumani hatuna haja ya kufundishwa kupunguzia. Pamba tunaipunguzia miche ikiwa ingali midogo, mtama vilevile, na hakuna anayelia shambani. Tofauti ni kwamba mche wa pamba hauliwi, na kichala cha zabibu tayari tumekila kwa macho.

Kama unauza zabibu za kula, kuna hatua moja zaidi nayo ni kupunguza punje ndani ya kichala chenyewe. Chukua mkasi mdogo wa kushonea, uuchovye katika maji yaliyochemka, kisha ukate mkia wa kichala kama robo yake. Ondoa bawa linalotokeza pembeni, halafu punje chache za ndani zinazokandamizana. Kichala kitaonekana kimenyonyolewa kama kuku, lakini baada ya wiki 3 punje zitakuwa zimejaza nafasi. Shika kikonyo tu. Ule unga mweupe mwembamba juu ya punje ni nta ya asili inayoilinda, usiufute. Usiuchanganye na ubwiri unga, ambao ni ugonjwa: huo hushika hata majani na vikonyo, na punje zake hupasuka.

Kazi ya mti mmoja mkubwa ni ya asubuhi moja. Watoto wasaidie kuokota, siyo kukata.

Habari ya Krismasi

Hapa ndipo tunapotofautiana na majirani wengi, na hatutaficha maoni yetu. Zabibu za Agosti zina wanunuzi, lakini zabibu za wiki ya Krismasi zina wanunuzi zaidi. Ukihesabu siku 120 kurudi nyuma kutoka Desemba 25 unafika mwishoni mwa Agosti, yaani siku zile zile za kuvuna. Kwa hiyo wapo wanaochuma leo na kupogoa kesho, ili wawahi sikukuu.

Tunaelewa kwa nini. Januari ada na sare zinasubiri. Lakini mzabibu uliotoka kubeba hauna akiba yoyote, na majani yake yangehitaji wiki 4 hadi 6 baada ya mavuno kurudisha chakula kwenye mizizi. Kuyakata wakati huo ni kumtoa mama mzazi kitandani siku aliyojifungua na kumpeleka shambani. Tena maua ya mavuno hayo yatafunguka Oktoba, vuli inapoanza, na punje zitakua katikati ya mvua za Novemba, wakati ubwiri vinyoya unapostawi. Bila dawa ya kuzuia ukungu utapoteza nyingi. Ukiitumia, uzingatie siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kifungashio kabla ya kuchuma.

Ushauri wetu ni huu: ngoja hadi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba ndipo upogoe, na katika mzunguko huo uondoe karibu vichala vyote. Bakiza vitano au sita vya nyumbani. Mti utajenga matawi na mizizi wakati wa mvua, na mavuno ya Agosti yatakuwa yale ya kujivunia. Mwenye mizabibu miwili aweza kufanya zamu: mmoja uzae mwanzoni mwa mwaka, mwingine upumzike, na mwaka unaofuata wabadilishane. Anayelazimika kabisa kupata zabibu za Krismasi na avibakize nusu ya vichala alivyobakiza Mei, wala asifanye hivyo miaka miwili mfululizo.

Baba akiuliza

Tumeambiwa mara kadhaa kwamba kikwazo si mkasi, bali ni baba wa nyumba. Anarudi kazini, anakuta vichala 50 vimelala chini, na jioni inaharibika. Yafaa basi mzungumze kabla. Njia inayosaidia ni kuacha tawi moja bila kupunguza na kulifunga kitambaa chekundu, kisha Septemba aonje mwenyewe pande zote mbili. Ulimi hauhitaji maelezo marefu.

Lakini tuseme kweli, hoja ya fedha haiko upande mmoja. Mkulima anayeuza kwa kilo kwa mnunuzi asiyejali utamu ana sababu ya kuacha vichala vingi, angalau kwa mwaka huo mmoja. Wa kwetu uani hauzi hivyo. Yeye humuuzia mwalimu, muuguzi, mke wa mchungaji, watu wanaoonja punje moja kabla ya kutoa pesa. Kwao kilo 6 tamu huisha siku moja, na kilo 20 chungu hubaki mezani mpaka nyuki wazimalize.

Vichala vilivyoangushwa navyo si vya kutupwa, ikiwa mti haukupigwa dawa hivi karibuni. Huko Iran na Lebanoni akina mama huzikamua zabibu mbichi na kutumia maji yake makali badala ya ndimu. Kwetu sisi wenye sato na sangara hiyo si habari ndogo, hasa msimu ndimu zinapokuwa adimu. Osha vichala, ponda punje katika kinu safi, chuja kwa kitambaa, na unyunyizie samaki kama ambavyo ungefanya kwa ndimu. Maji hayo hayakai, tumia siku hiyo hiyo au yagandishe kama una jokofu. Majani laini uliyoyapunguza wape mbuzi. Mbwa wasipewe zabibu, mbivu wala mbichi, maana huwadhuru figo.

Yule mama mjane alipogoa tena Mei iliyofuata, akapima matawi yake: gramu 600. Kwa hesabu tuliyoieleza, hizo ni kilo 3 za zabibu kwa upande wa chini, yaani vichala 12. Mti ulikuwa umetoa 31. Aliyemshikia ngazi siku ya kukata 19 ni jirani yule yule aliyedaiwa kuwa na jicho baya, na vichala vibichi viligawanywa nusu kwa nusu kwa ajili ya samaki wa jioni.